Mjadala: Mfereji wa Ulster uliuawa na mpaka, au na vipimo?

Mdau, Shangani: Kila reli inayopangwa ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, ikitajwa, hakosekani wa kusema njia za kuvuka mpaka huuawa na siasa. Mfano wake ni Mfereji wa Ulster, Ireland: kilomita 74, Charlemont hadi Wattlebridge, ulifunguliwa 1841, ukaachwa 1931, miaka kumi baada ya mpaka kati ya Ireland Kaskazini na Ireland ya kusini kuchorwa. Ni kweli?

Fundi, Chikongola: Mpaka ulikuta mgonjwa mahututi. Vyumba 26 vya kupandishia na kushushia boti vilikuwa na upana wa mita 3.6 hivi, na boti za Belfast zilikuwa na mita 4.4. Hazipiti! Mzigo unashushwa, unapakiwa upya kwenye boti nyembamba, kuli analipwa mara mbili. Halafu maji. Boti ikivuka kilele cha mfereji, yaani sehemu yake ya juu kabisa, hula maji ya vyumba viwili, kimoja ikipanda, kimoja ikishuka. Chukua chumba cha mita 20 kwa 3.6, kimo mita 2.5: lita 180,000. Boti moja, lita 360,000. Bwawa la kulisha kilele, karibu na Monaghan, halikutosha, na mfereji wenyewe ulivuja. Kina kikipungua, unapakia nusu au unakwama.

Msafirishaji, Nachingwea: Usisahau reli. Ilifika Monaghan 1858, Clones 1863, miji ya njia hiyohiyo ya mfereji. Mfereji ukafungwa kwa matengenezo 1865 hadi 1873. Mteja gani atakusubiri miaka minane?

Mkazi, Mikindani: Kaka, mbona mfereji jirani wa Ballinamore–Ballyconnell ulikufa kabla ya mpaka kuwapo, ukafunguliwa tena 1994, mpaka ukiwa palepale? Siasa ikitaka, hufufua.

Fundi, Chikongola: Dada, zile ni boti za watalii. Korosho haitalii. Hapa kwetu reli ya Mkwaya–Nachingwea ya 1949 ilitegemea karanga. Mpango wa kulima karanga ukafa 1951, reli ikafungwa 1962, vyuma vikang'olewa. Hapakuwa na mpaka wowote pale. Na hii mpya, treni haiogelei: mzigo wa Malawi utahamia melini Mbamba Bay. Kreni, ghala na siku za kusubiri viingie kwenye bei tangu mwanzo.

Msafirishaji, Nachingwea: Ndiyo maana nasema hesabu ianze na makaa ya mawe ya Ngaka, mkoani Ruvuma. Hayana msimu kama korosho, na yanafika bandari ya Mtwara bila kuvuka mpaka wala kuingia melini njiani. Yakishindwa kuilipa reli hayo, mzigo wa Malawi hautaiokoa.