Ng'ombe yuko mzao wa tatu, maziwa yameshuka kutoka lita 15 hadi 9. Nimuuze?

Mfugaji wa Machame:
Wakuu, habari za humu. Niko Machame, wilaya ya Hai, nafuga ng'ombe mmoja bandani, chotara wa Friesian. Ada ya watoto inatoka kwake, kwa hiyo naomba ushauri wa dhati.

Mzao wa kwanza kilele chake kilikuwa lita 11 kwa siku, wa pili akafika 15. Amezaa tena Septemba, sasa wiki ya sita, na hajawahi kuvuka lita 9. Kiangazi hiki mabingobingo yamepungua, namkatia migomba asubuhi na jioni, na pumba kilo 3. Jirani anasema amezeeka, nimpeleke kwa mchinjaji ninunue mtamba. Roho inaniuma.

Mama Zizi:
Pole sana kaka. Usiuze! Mzao wa tatu si uzee hata kidogo. Mtamba anayezaa mara ya kwanza bado anakua, chakula anagawana na mwili wake. Kwa kawaida maziwa hupanda hadi mzao wa tatu, wa nne, hata wa tano, ndipo yaanze kushuka. Wako alitakiwa kupanda. Mara hii ulimkausha lini, yaani uliacha lini kumkamua kabla hajazaa?

Mfugaji wa Machame:
Nilimkamua hadi wiki tatu kabla ya kuzaa, dada. Alikuwa bado anatoa lita 5, nikaona nikiacha ni hasara.

Mama Zizi:
Basi hasara imeanzia hapo. Ng'ombe anahitaji siku kama 60 za kupumzika ili kiwele kijijenge upya kwa ajili ya mzao unaokuja. Wiki tatu hazitoshi. Piga hesabu: siku 39 ulizoiba, kwa lita 5, ni lita 195. Sasa unakosa lita 6 kila siku ukilinganisha na mzao uliopita. Siku 33 tu zimekwishafuta faida yote, na mzao mzima ni miezi kumi.

Mkulima wa Rungwe:
Kukausha ni kweli, ila mimi naona lishe ndiyo imemmaliza zaidi. Mgomba ni maji karibu wote na protini yake ni ndogo mno. Unajaza tumbo, hujalisha. Wiki za mwanzo baada ya kuzaa ng'ombe anatoa zaidi ya anachokula, anachota akiba ya mwili. Tazama mbavu zake. Ongeza mashudu ya alizeti na majani ya lusina taratibu, madini yasikosekane, na ndoo ya maji isikauke mbele yake. Maziwa yenyewe ni maji asilimia 87.

Daktari wa Mifugo Kijijini:
Wote mmesema vizuri. Lakini kabla ya kununua mashudu, kiwele kipimwe. Ugonjwa wa kiwele uliojificha hauonyeshi uvimbe wala damu, maziwa yanapungua tu. Mwite mtaalamu aje na sahani ya vishimo vinne, akamue kila chuchu kishimo chake, atie dawa ya kupimia. Maziwa yanayoganda kama kamasi yana shida.

Mfugaji wa Machame:
Nimerudi, wakuu. Chuchu ya nyuma kushoto imeganda kabisa, na hapo nilikuwa namlaumu ng'ombe. Ameanza matibabu. Je, lita 15 zitarudi?

Daktari wa Mifugo Kijijini:
Mzao huu usizitegemee, ila anaweza kupanda kidogo. Chuchu hiyo ikamue ya mwisho, unawe mikono, na maziwa ya ng'ombe huyo, ya chuchu zote, usiuze wala usiyanywe hadi siku za kusubiri baada ya dawa ziishe. Akishapandishwa, andika tarehe. Mimba ni siku kama 280, kwa hiyo mwezi wa saba wa mimba ukitimia, acha kukamua.

Mfugaji wa Machame:
Asante sana daktari, asanteni nyote. Kalenda nimeshaitundika mlangoni mwa banda. Mchinjaji alikuja jana, nimemwambia simuuzi.