Annapurna, Langtang au njia ya Everest: nichague ipi?

Mwalimu wa Same
Ndugu zangu, nimeweka akiba kwa miaka minne, na sasa ninataka kwenda Nepal kwa safari ya miguu ya siku kadhaa nikiwa na mwongozaji. Nimebakiwa na njia tatu: kambi ya msingi ya Annapurna, bonde la Langtang, na kambi ya msingi ya Everest. Sitafuti kilele; ninataka kutembea, kulala penye paa na kuiona theluji kwa karibu. Ipi inanifaa?

Mkwezi Mstaafu
Mwalimu, umempelekea fundi kitambaa bila vipimo. Unakwenda mwezi gani? Una siku ngapi? Umewahi kulala juu ya mita 3,000? Magoti yako yana hali gani? Usipoyajibu hayo, kila mtu atakusifia njia aliyopita yeye.

Binti wa Pangani
Nami nitaisifia yangu hata kabla hajajibu. Annapurna unaianzia karibu na Pokhara, mji ulio chini ya mita 1,000, na unaishia mita 4,130, mahali ambapo milima imekuzunguka kama kingo za bakuli. Nyumba za wageni hazipo mbalimbali. Tatizo ni ngazi za mawe za Chhomrong, ambazo unazishuka hadi mtoni ukijua kwamba siku ya kurudi utazipanda. Kwa desturi ya wenyeji, bonde la juu ni mahali patakatifu na nyama haipelekwi huko, kwa hiyo jiandae kula wali na dengu asubuhi na jioni.

Msafiri wa Muscat
Njia ya Everest sikushauri iwapo siku zako ni za kuhesabu. Mwendo unaanzia Lukla, uwanja mdogo wa ndege ulio kwenye mita 2,860, na ndege hutua pale tu anga linaporuhusu. Katika miezi ya msongamano ndege nyingi huondokea Ramechhap, mwendo wa saa nne au tano kwa gari kutoka Kathmandu, nasi tuliamshwa saa saba usiku ili tuiwahi. Tukakaa huko siku mbili tukiyatazama mawingu. Kampuni iliyotuchukua, badala ya kuifupisha safari, ikaifuta siku ya mapumziko ya Namche, kwenye mita 3,440, ambayo huuzoesha mwili hewa nyembamba ya juu, ili ratiba yake itimie. Tulipofika Dingboche, mita 4,410, nilitapika chakula chote, na mke wangu akaniona ninayumba kama mlevi nikienda msalani. Ofisi ilimwambia mwongozaji kwa simu kwamba tungoje mpaka asubuhi. Kijana yule, ambaye ninamshukuru hadi leo, alikataa, akanishika mkono na kunishusha kwa tochi hadi Pangboche, mita mia nne hivi chini, na kabla ya alfajiri kichwa kilikuwa kimeanza kutulia. Kambi ya msingi sikuiona, na fedha haikurudi hata senti.

Kijana wa Marangu
Pole sana, kaka. Hata hivyo, sisi hapa Kilimanjaro tunawapandisha wageni hadi mita 5,895 kwa siku tano au sita, na wanarudi wakicheka.

Mkwezi Mstaafu
Kijana, wanaogeuzia kambi ya Kibo kabla ya kilele mbona huwataji? Kufika juu alfajiri na kushuka mchana si sawa na kulala huko siku nne mfululizo. Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Tena, kwenye Kilimanjaro mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20. Nepal uliza kabla ya kulipa, kwa maana nilimwona mtu mmoja amebeba mabegi matatu kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso.

Mwalimu wa Same
Samahanini, nilikuwa nikisahihisha mitihani. Nina miaka 51, na mwaka 2019 nililala Horombo, kambi ya Kilimanjaro iliyo juu ya mita 3,000, na wanafunzi bila shida. Likizo yangu ni ya Juni, siku 14 pamoja na za ndege.

Binti wa Pangani
Juni! Ungeanza na hilo, Mwalimu. Mvua za monsuni huingia Juni na kuondoka Septemba. Njia hujaa ruba, kingo huporomoka, nawe utakuwa umelipia ukungu. Futa yote niliyosema.

Msafiri wa Muscat
Basi atazame Ladakh, upande wa India, ambako milima huizuia mvua hiyo. Bonde la Markha hutembewa wakati huo, ila Leh yenyewe iko kwenye mita 3,500, na ukishuka kwenye ndege ni lazima upumzike siku mbili tatu.

Dada wa Nairobi
Mbona Langtang haina mtetezi? Unakwenda kwa gari hadi Syabrubesi, unakoanzia kutembea, huhitaji ndege ya ndani, na Kyanjin Gompa, kijiji cha mwisho cha kulala, haifiki mita 4,000. Kijiji cha Langtang kilifukiwa katika tetemeko la Aprili 2015, na waliosalia wakajenga upya. Nililala kwa mama aliyenionyesha kilipokuwa. Mwalimu, nenda Desemba: shule zimefungwa, anga ni safi, na baridi ya usiku utaiweza kwa chupa ya maji ya moto ndani ya blanketi.

Mwalimu wa Same
Desemba ukoo wetu hukutana, na mimi ndiye ninayechinja mbuzi. Itanibidi nilizungumze nyumbani kwanza. Nikilazimika kwenda Juni, je, ruba hao hupenya soksi?

Binti wa Pangani
Hupenya.