Msaada wakuu: mkopo wa nyumba Ireland, nifunge riba miaka mitatu au mitano?

Mgeni wa Cork
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa walioko Ireland au wanaoijua mikopo ya huko, maana usingizi umenikimbia kabisa.

Mimi na mke wangu tuko Cork, wote tuna Stamp 4, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi. Kodi ya pango inatumaliza. Tumepata nyumba mpya, bado inajengwa, bei yuro 395,000, na benki imeshatupa kibali cha awali. Swali langu ni moja tu: tufunge riba, yaani isibadilike, kwa miaka mitatu au mitano? Huyu anasema zitashuka tena, yule anasema funga ulale. Mwenye uzoefu tafadhali. Nawasilisha.

Baba Naima
Ndugu yangu, umeuliza miaka, hukuuliza riba yenyewe. Mwislamu au si Mwislamu, jiulize utamlipa mtu miaka thelathini na kitu kwa pesa aliyokukopesha, na ukikwama nyumba ni yake. Marehemu babu yangu Pemba alijenga chumba kimoja, akahamia, akaongeza cha pili. Hakudaiwa na mtu. Sikuhukumu, nakukumbusha tu.

Kiboko ya Madalali
395,000! Hiyo ni zaidi ya bilioni moja ya kwetu. Mkuu, Goba unashusha ghorofa na chenji unanunua Coaster mbili. 😂

Dada wa Galway
Kaka, mimi nilifunga mitano na sikujuta. Benki Kuu ya Ulaya ilipoanza kupandisha riba Julai 2022 ilipandisha mara kumi mfululizo hadi Septemba 2023. Jirani yangu mkopo wake unafuata riba ya Benki Kuu moja kwa moja, kila barua ya benki ilikuwa msiba. Mimi marejesho yangu hayakusogea hata senti.

Muda ulipokwisha nikahamisha mkopo benki nyingine. Nyumba ilikuwa imepanda thamani, deni likawa chini ya 60% ya thamani yake, na hapo riba inashuka. Pia cheti changu cha nishati, ile BER inayopima nyumba inavyotumia nishati, ni B2. Benki nyingi kuanzia B3 kwenda juu wanakupa riba nafuu zaidi. Na ukihamisha bila kuongeza deni hawakubani na kile kikomo cha mkopo usiozidi mara nne ya mshahara wa mwaka. Ila unalipa wakili upya, hilo lijue. Na ukivunja kabla ya muda kuna faini, hasa kama riba za sokoni zimeshuka tangu ulipofunga. Waombe wakuandikie kiasi kabla hujavunja. Mimi niliambiwa kwa simu kiasi kimoja, barua ikaja na kingine.

Mama Kelvin, Dublin
Mgeni wa Cork, pole na mawazo. Kabla ya mitatu au mitano: benki inataka mtoe 10% ya kuanzia, na 10% ya 395,000 ni 39,500. Hiyo mmeipata wapi?

Mgeni wa Cork
Mama Kelvin, shikamoo. Hiyo iko sawa. 30,000 ni Help to Buy, iliyobaki ni akiba yetu. Ndiyo maana nimeuliza riba peke yake.

Mama Kelvin, Dublin
Marahaba. Basi tuongee Help to Buy, kwa faida ya wengine pia. Ile si zawadi. Ni kodi ya mapato mliyolipa miaka minne iliyopita mnarudishiwa, mwisho 30,000 au 10% ya bei, ipi ndogo. Ni kwa nyumba mpya isiyozidi 500,000, na pesa inakwenda kwa mjenzi, hamuishiki. Sharti lake kubwa: hujawahi kununua wala kujenga nyumba, peke yako au na mtu. Si Ireland tu, popote. Na mkiwa wawili, wote wawili. Nyumbani mna nyumba?

Mgeni wa Cork
Nyumbani kuna kijumba tu cha familia, si cha kuhesabu.

Mama Kelvin, Dublin
Cha familia ya nani? Kimejengwa na nani?

Kiboko ya Madalali
Hapo sasa. Mama ana tochi.

Mgeni wa Cork
Sawa, niseme. Kiko Kibaha, vyumba vitatu. Nilijenga mimi kabla ya kuja huku, pesa taslimu, sijakopa benki hata shilingi. Kiwanja nilinunua kwa mkataba wa serikali ya mtaa, hati haipo mpaka leo. Anaishi mama yangu, sijawahi kupokea kodi. Kwangu mimi ile ni nyumba ya mama. Kwenye fomu wanauliza kama ni nyumba yako ya kwanza, na kwa maisha yangu ya huku ni ya kwanza, kwa hiyo tulijaza ndiyo na tumeshakubaliwa. Bila hati hata kwetu mtu hawezi kusema ni mali yangu.

Fundi wa Mlandizi
Kibaha ipi mkuu? Hayo mambo ya mkataba wa serikali ya mtaa yaacheni tu. Mimi niliuziwa kiwanja Mlandizi, mwenyekiti akapiga muhuri, mashahidi wanne. Nimemwaga msingi, akatokea mwenye hati ya Wizara ya Ardhi. Kesi mpaka leo iko baraza la ardhi. Fuatilia urasimishaji wa huko kwako haraka sana.

Mama Kelvin, Dublin
Fundi pole sana, lakini hiyo fungulia uzi wake.

Mgeni, sikiliza. Kuna mambo mawili na umeyachanganya. Kanuni ya Benki Kuu ya Ireland inamtambua mnunuzi wa kwanza kuwa ni mtu ambaye hajawahi kupewa mkopo wa nyumba. Wewe ulijenga kwa taslimu, kwa hiyo ile mara nne ya mshahara na ile 10% ya kuanzia unaweza kubaki nazo. Lakini Help to Buy si ya Benki Kuu, ni ya Revenue, mamlaka ya kodi, yaani TRA ya huku, na wao hawaulizi mkopo. Wanaulizia kama uliwahi kununua au kujenga. Ungeirithi au ungepewa, isingekuzuia. Umejenga mwenyewe.

Mgeni wa Cork
Nashukuru, lakini Revenue wa Dublin atajuaje kijumba cha Kibaha kisicho na hati? Ninaowafahamu wamefanya hivyo na wanaishi kwa amani. Na nilikuwa nafikiria nimwandikie mama kabisa kwamba nimempa. Hapo si inakuwa yake?

Dada wa Galway
Kumpa leo hakufuti kwamba ulijenga jana.

Baba Naima
Mwanzo riba, sasa uongo juu yake. Lakini kumjengea mama hiyo ni thawabu kubwa, Mungu akulipe. Usiichafue kwa karatasi.

Mtumishi Hewa
Wakuu mnapoteza muda, hii ni CHAI. Fanyeni hesabu. Toa 10%, mkopo ni 355,500. Gawa kwa nne, mshahara wao wawili lazima ufike 88,875 kwa mwaka. Mtu wa kipato hicho ana dalali wa mikopo na wakili, anakuja kufanya nini huku usiku? Halafu swali limeanza na riba limeishia Kibaha. Mwaka jana kulikuwa na mwingine wa Canada, hadithi hii hii, naye alikuwa na "kijumba".

Kiboko ya Madalali
Chai ya maziwa na iliki. Nilishangaa BER inaingia mapema hivyo.

Dada wa Galway
BER nimeileta mimi, si yeye. Soma kabla ya kucheka.

Mgeni wa Cork
Mtumishi Hewa, mke wangu ni muuguzi, anapiga zamu za usiku na Jumapili. Mimi ni fundi mitambo kiwanda cha dawa. Kwa mwaka tunagusa 97,000 kabla ya kodi. Dalali wa mikopo ninaye. Nimekuja huku kwa sababu Kibaha sijamwambia, na nikimwambia naogopa safari yote inaishia pale. Watoto wawili kwenye chumba kimoja, mwenye nyumba ameshatupa notisi anauza. Si hadithi hiyo.

Mtumishi Hewa
Weka picha ya kibali cha benki, ficha majina.

Mama Kelvin, Dublin
Asiweke chochote. Hata ikiwa chai, wapo wanaosoma kimya wenye jambo hili hili.

Mgeni, mmeshasaini mkataba na mjenzi?

Mgeni wa Cork
Bado. Tumelipa ya kushikia nyumba tu. Kusaini ni wiki ijayo.

Mama Kelvin, Dublin
Basi hujachelewa. Pesa ya kushikia inarudi mpaka siku mnasaini. Na kuomba mmeshaomba, lakini kudai hasa kunafanyika baada ya mkataba, kwa hiyo hakuna senti iliyotoka. Waandikie Revenue kupitia MyEnquiries, huduma yao ya ujumbe mtandaoni, eleza Kibaha ilivyo, jibu lije kwa maandishi. Wakigundua baadaye wanazitaka zote, na sahihi ni yako pamoja na ya mke wako, ambaye anafanya kazi huku kwa leseni ya uuguzi.

Bila Help to Buy mnahitaji 39,500 yenu, na ushuru wa stempu 1% ya bei kabla ya VAT, kama 3,480 hivi, na wakili. Akiba ni kiasi gani?

Mgeni wa Cork
Kama 24,000. Na kuna dada yangu Muscat aliyewahi kusema anaweza kutusaidia.

Mama Kelvin, Dublin
Akitoa, benki itataka barua yake kwamba ni zawadi na si deni. Vinginevyo tafuteni nyumba iliyokwisha kukaliwa, isiyozidi 200,000 hivi, nje ya mji. Zipo, ingawa zinahitaji mkono. Mke wako anasemaje?

Mgeni wa Cork
Yeye alikataa tangu siku tunajaza fomu. Ngoja nizungumze naye akitoka zamu, halafu nimpigie wakili. Sijasema naacha, nasema nitamweleza wakili yote.

Kiboko ya Madalali
Mkuu ukitoka kwa wakili leta mrejesho. Wengine tuna vibanda vyetu Chanika na mwaka kesho tunakuja huko huko.