Mrejesho: Ukungu uliokuwa ukirudi chumbani mwa mwanangu
Nilipouliza kwa nini ukungu mweusi ulirudi kila nilipoupaka rangi, huku kikohozi cha mwanangu kikizidi usiku, wengi mlinishauri nitafute kwanza maji yanakotoka. Mlikuwa sahihi. Tulipolisogeza kabati tulikuta rangi imevimba kama malengelenge, na ukiibonyeza kwa kidole inapukutika unga wenye harufu ya udongo. Bomba lililopita ndani ya ukuta lilikuwa likivuja taratibu. Fundi ameliziba, na ubao wa jipsamu ulioloa umekatwa na kutupwa, kwa kuwa kuvu huota hadi ndani yake na kuufuta juu juu hakusaidii. (Rangi niliyonunua mara tatu, nakiri, ilikuwa hasara tupu.) Kipimo cha unyevu hewani, kilichokuwa kikisoma asilimia 78, sasa husoma kati ya 50 na 55. Daktari alieleza kuwa chembechembe za kuvu huchokoza njia za hewa, hasa za mwenye pumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 nao unahusisha unyevu wa majengo na maradhi ya njia za hewa. Kikohozi kimepungua sana, ingawa dawa ya kuvuta bado anaitumia.