Halo 2, Halo 3 au ODST: ipi inaibeba Mombasa vizuri zaidi, na uicheze kwa ugumu upi?

NyaliUsiku:
Wakuu, habari za usiku. Nimemaliza gemu la kwanza la Halo, lile la 2001, kupitia mkusanyiko wa magemu ya Halo uitwao Master Chief Collection, kwenye kompyuta. Hadithi imenishika vibaya. Pale kwenye misheni ya 343 Guilty Spark, unapoikuta kofia ya yule askari na rekodi inaanza kucheza, nilishusha padi nikatulia kwanza. Sasa nataka kuendelea, na zinazonivuta ni tatu zinazopita pwani yetu: Halo 2 ya 2004, Halo 3 ya 2007 na Halo 3: ODST ya 2009. Zote zipo mwaka 2552, Covenant, ule muungano wa viumbe wa sayari nyingine, wameifikia Dunia, na mahali walipoteremkia ni New Mombasa.

Maswali yangu ni mawili. Katika hizo tatu, ipi ina hadithi inayostahili kuchezwa taratibu, kwa kusikiliza kila neno? Na ugumu je? Ya kwanza niliicheza Normal, ugumu wa kawaida, nikaona Elite, wapiganaji hodari wa Covenant, wanakufa kabla sijawaogopa. Nipande Heroic, ngazi inayofuata, au niende moja kwa moja Legendary, ya juu kabisa?

Tumbatu_Arbiter:
Karibu sana ndugu. Kwa hadithi, mimi nasema Halo 2 na sirudi nyuma. Gemu linaanza na kesi mbili zikienda sambamba: huku Master Chief, shujaa wetu, anavishwa nishani, kule kamanda wa Elite aliyeshindwa kuilinda Halo, ile pete kubwa ya angani, anahukumiwa na kuchomwa alama kifuani mbele ya umati. Adui uliyekuwa unamuua katika gemu la kwanza sasa unamchezesha wewe. Unaona imani yao ilivyo nzito, unaona jinsi Manabii, viongozi wao wa dini, wanavyowadanganya watu wao wenyewe, na mwisho unashuhudia muungano ukipasuka, Elite na Brute, wapiganaji wengine wa Covenant, wakichinjana ndani ya High Charity, mji wao mkuu unaoelea angani. Katika magemu ya kufyatua risasi ya wakati ule sikumbuki jingine lililompa adui nusu ya hadithi kwa heshima kama ile.

Ubaya wake nautaja pia. Linakatika. Chief anasema anakwenda kuimaliza vita, skrini inakuwa nyeusi, basi. Mwaka 2004 watu walikasirika na walikuwa na haki. Wewe lakini una Halo 3 pale pale kwenye menyu, hutangoja miaka mitatu.

Mdunguzi_Bara:
Tumbatu amesema kweli kuhusu hadithi, ila asimpeleke mtu Legendary ya Halo 2 bila kumwambia kinachomngoja. Misheni ya Outskirts, Mombasa ya kale, zile chochoro na roshani: Jackal, askari wa Covenant wenye bunduki ya masafa, wanakaa juu, na kwa Legendary risasi moja inatosha. Ngao yako imejaa, hujapigwa na mtu, unachungulia kona, umekufa. Hakuna cha kujifunza isipokuwa kukariri nani anakaa dirisha gani. Na mkicheza wawili, mmoja akifa wote mnarudishwa kwenye chekipointi.

Hapo ndipo ugumu unapoivunja hadithi. Hadithi inakwambia wewe ni Spartan, askari aliyeimarishwa mwili, mtu anayeogopwa na jeshi zima kiasi cha kupewa jina la pepo. Kisha gemu linakuua kupitia dirisha usiloliona. Heroic inaweka sawa: mdunguzi bado anauma, lakini unapata nafasi ya kurudi nyuma ya ukuta, kupumua na kujipanga.

Mvita_ODST:
Mimi ni mtu wa kisiwani, kwa hiyo nina upendeleo na nausema mapema. Lakini jibu la swali lenyewe, hadithi na ugumu kwa pamoja, ni ODST. Nitaeleza kirefu kidogo mnivumilie.

Katika Halo 2 Mombasa ni misheni mbili tu. Outskirts, halafu Metropolis unavuka daraja na kifaru na kupanda mgongoni mwa Scarab, mashine kubwa ya vita yenye miguu, kisha meli ya Nabii wa Regret inaruka kuondoka katikati ya mji, mruko unaufumua mji, na wewe unaondoka nayo. Mombasa umeiacha inaungua na gemu haligeuki kuitazama. Onyesho walilolitoa Bungie, waundaji wa gemu, kwenye maonyesho ya E3 mwaka 2003 lilikuwa ndani ya New Mombasa, na kipande kile hakikuingia kwenye gemu lililouzwa. Watu walingoja vita ya mjini, wakapata kionjo.

ODST inashuka mle mle mlipoondoka. Kikosi cha askari wa kawaida kinarushwa kutoka angani kuelekea ile meli, meli inaruka, mshindo unawatawanya. Wewe ni Rookie. Unazinduka saa sita baadaye, usiku, peke yako, mvua inanyesha, saksafoni inalia polepole, na mji mzima umeshikwa na Brute. Lifti ya angani imeanguka. Unatembea mitaani unatafuta alama za wenzako: kofia ya Dare, afisa aliyewaongoza, iliyokwama kwenye skrini, bunduki ya masafa iliyopindika ikining'inia, kopo la dawa. Kila unachookota kinafungua misheni ya mwenzako mmoja, saa chache kabla. Na majina ya misheni hizo! Kizingo Boulevard, Kikowani Station, Tayari Plaza. Kizingo ni upande ule wa kusini unaotazama bahari, naijua kwa miguu. Kumwona Mickey, mmoja wa wenzake Rookie, akipasua Kizingo na kifaru, majumba yanawaka kulia na kushoto, kulinigusa kuliko sayari yoyote ya zambarau.

Sasa ugumu. Rookie si Spartan. Hana ile ngao inayojijaza. Ana pumzi kidogo inayorudi ukijificha, na chini yake uhai usiorudi mpaka upate kisanduku cha dawa cha Optican ukutani. Bastola yake na bunduki ndogo vina kizuia sauti. Ukicheza Normal, unasahau yote haya, unakimbilia katikati ya Brute kama Chief. Ukicheza Heroic, unaanza kuishi kama askari: unazima taa, unapita uchochoro wa nyuma, unahesabu risasi, doria ya Hunter wawili, yale majitu ya Covenant, ukiisikia unaiacha ipite. Ugumu ndio unaokwambia wewe ni nani katika hadithi. Halo 2 na 3 hazina kitu hicho kwa kiwango hiki.

Na usiziruke rekodi za Sadie. Zimetawanyika mjini, simu na vibanda vya umma, zinasimulia binti wa Daktari Endesha akijaribu kumfikia baba yake siku ya uvamizi, huku Superintendent, ile akili bandia inayoendesha mji, ikimwelekeza kwa taa na matangazo ya barabarani. Sadie ni raia. Kupitia yeye ndipo utakapojua kwamba mjini mlikuwa na watu.

Dada_Wa_Taita:
Mvita umesema maneno mazito na sikupingi kuhusu Sadie. Lakini mbona Halo 3 mnaipita kama kituo kisicho na abiria? Nusu nzima ya kwanza ni Afrika Mashariki. Inaanza na Chief akianguka msituni, kisha Tsavo Highway, kisha vita yenyewe inafika Voi. Voi! Mji ambao magari ya Nairobi na Mombasa hupita kila saa, ndani ya gemu umekuwa mji wa viwanda na mlangoni kwake kuna kitu cha kale kilichofukiwa ardhini kinachoweza kuamua hatima ya galaksi. Kwenye misheni ya The Storm unampiga Scarab miguu mpaka apige magoti, kisha unaruka ndani. Halafu inakuja misheni ya Floodgate, Flood, vile vimelea vinavyoteka miili, wanaanguka Voi na meli iliyochafuka, na Elite, ambao sasa ni wenzetu, wanaichoma ardhi kuzuia maambukizi yasisambae. Hood, mkuu wa majeshi ya wanadamu, anamlaumu kamanda wao kwamba amechoma nusu ya bara. Hakuna mahali pengine katika mfululizo mzima ambapo bei ya ushindi imetajwa waziwazi hivyo, na bei hiyo imelipwa na ardhi ya kwetu.

Kuhusu ugumu, Halo 3 ndiyo Legendary inayovumilika. Brute hawana ngao ya kujijaza kama Elite, silaha zao za mwilini unazipasua zikadondoka, ukibaki na mnyama unayempiga kichwani. Una vifaa vya kutupa, kile kiputo cha ngao na kile kinachorudisha ngao haraka. Na mkiwa wanne mtandaoni ni raha. Pia ukimaliza kwa Legendary unapewa sekunde chache za ziada mwishoni, nusu ya meli ikielea kuelekea sayari isiyojulikana, na ndizo zilizofungua njia ya Halo 4. Kwa hiyo hapa ugumu unalipwa kwa hadithi, tena hadithi ya kweli.

Tumbatu_Arbiter:
Dada, nakubali Floodgate. Lakini misheni ya Cortana kwa Legendary? Unatembea ndani ya utumbo wa Flood, wale wa miiba wanakurushia kutoka dari, na kila hatua chache sauti ya Gravemind, akili kuu ya Flood, au ya Cortana, akili bandia mwenza wa Chief, inakupunguzia mwendo. Nia naielewa: Cortana anateseka na unapaswa kuhisi uzito. Ila ukishakufa mara kadhaa pale pale, uzito unageuka kero, na maneno mazuri yanapita bila kusikika.

Dada_Wa_Taita:
Hapo umenipata. Misheni ile icheze Heroic, wala huhitaji kuona haya. Tsavo na The Storm ndizo za Legendary.

Mdunguzi_Bara:
Niongeze jambo kuhusu Heroic, maana mwenye mada ametoka Normal. Tofauti haipo kwenye damu ya adui peke yake. Adui wanalenga vizuri zaidi, wanapiga kwa kasi zaidi, na vyeo vyao vinapanda, pale ulipozoea Elite wa bluu unakuta wa juu yake. Hapo ndipo unapolazimika kutumia akili ambayo gemu lilikusudia: plasma inavua ngao, risasi ya kawaida inamaliza mwili. Mzidishie Elite mkupuo mzito wa bastola ya plasma, kisha risasi moja ya Battle Rifle kichwani. Mwangushe kiongozi kwanza na uwatazame Grunt, askari wadogo wa ngazi ya chini, wanavyotawanyika wakipiga kelele. Kwa Normal hulioni hilo kwa sababu wote wanakufa pamoja. Kwa Heroic unaona kwamba Covenant ni jamii yenye ngazi, na ngazi hiyo ndiyo hadithi yote ya Halo 2.

NyaliUsiku:
Nashukuru sana wakuu. Swali la mpangilio sasa. ODST inatokea wakati mmoja na Halo 2 lakini ilitoka baada ya Halo 3. Nifuate tarehe za kutoka au mtiririko wa matukio? Na nafasi kwenye diski yangu ni finyu, bando nalo si la kuchezea.

Mvita_ODST:
Nafasi isikusumbue. Kwenye Steam kila gemu la mkusanyiko ule unalichagua peke yake, unashusha unalotaka, ukimaliza unaliondoa. Zote tatu zipo kwenye kompyuta tangu 2020.

Mpangilio: Halo 2, kisha ODST, kisha Halo 3. Najua wengi watasema fuata tarehe. Lakini ukimaliza Halo 2 una kiu ya kujua Mombasa ilipatwa na nini, na ODST inajibu usiku ule ule. Inakuonyesha pia Covenant wakichimba chini ya mji, wanatafuta kitu, na kile wanachokitafuta ndicho kinachofunguka Voi katika Halo 3. Ukiingia Tsavo Highway ukiwa umetoka kuiona Mombasa ikichomwa, maneno ya Hood yatakukuta na uchungu tayari.

Tumbatu_Arbiter:
Mimi bado ni wa tarehe za kutoka. Kiu ile ya mwisho wa Halo 2 ni ya Arbiter, yule kamanda wa Elite aliyehukumiwa, na Chief, na ODST haina hata Elite mmoja aliye hai wa kuongea naye. Ukiiweka katikati unamkatiza Arbiter kwa gemu zima. Cheza 2 na 3 mfululizo, halafu rudi ODST usiku mmoja wa mvua, bila haraka, ukiwa unajua mwisho. Ukijua kwamba mji hautaokolewa, rekodi za Sadie zinauma zaidi.

Dada_Wa_Taita:
Kwa hili niko na Mvita. Zaidi ni Voi: ukifika kwa njia ya ODST unajua kwa nini wanaipigania.

NyaliUsiku:
Nimeamua. Halo 2 kwa Heroic naanza wikendi hii, Outskirts nikikwama sitashuka Normal. Kisha ODST kwa Heroic, taa zimezimwa, spika za masikioni. Halo 3 nitajaribu Legendary mpaka Floodgate, Cortana nitashusha. Kabla sijaingia ODST, kuna kitu kimoja cha kunitahadharisha?

Mvita_ODST:
Engineer. Utawaona wakielea juu ya kikosi cha Brute, wapole, hawana silaha mkononi, ila wanawavisha ngao wote walio chini yao. Ukianza na Brute utamaliza risasi bure. Kaa mbali, toa bastola yenye kizuia sauti, mpige Engineer kwanza, ngao zianguke, ndipo ushughulike na waliobaki. Halafu endelea mpaka misheni ya Data Hive kule chini ya mji, usome vizuri kinachotokea, kwa sababu baada ya hapo hutapenda tena kuwapiga.