Tupeane uzoefu: burudani gani ya Dodoma huwezi kuisahau, kwa uzuri au kwa ubaya?

Mtoto wa Makole
Mbukwenyi wakuu. Jana jioni nilikaa Nyerere Square na mfanyakazi mwenzangu aliyehamia huku kutoka Dar. Akaniambia, "Hivi nyie watu wa Dodoma mkitoka kazini mnafanya nini? Bahari hamna." Neno lile nimelala nalo. Mimi nimekua kwa kombolela hadi mama anaita kwa jina la ubatizo, nimekwea majabali ya Mlimwa magoti yakachubuka. Kila mtu aeleze yake. Na kama burudani ilikutia matatani, ndiyo tunayoitaka hasa.

Mhamiaji wa Mtumba
Huenda mimi ndiye niliyesemwa hapo juu. Nasimama na neno langu. Jumamosi mnanipeleka mnada wa Msalato kula nyama, sawa, nyama ni tamu na vumbi nimeshalizoea. Jumapili je?

Mama Zabibu
Jumapili kuna kanisa na kulala. Unataka nini tena?

Mwananchi wa Chang'ombe
Mimi ni banda umiza, lile la kutazamia mpira, tarehe 5 Novemba 2023, Yanga na Simba, wenye akili zao wanaijua. Kiingilio nimelipa, benchi la mbele, mapumziko ni moja moja. Kipindi cha pili kimeanza tu, umeme ukakata. Mgao. Mwenye banda anakimbilia jenereta, anavuta kamba, anavuta, kumbe halina mafuta. Anamtuma kijana na kidumu. Tumo gizani watu kama themanini, joto la mwezi wa kumi na moja mnalijua, bati linatoa moto juu ya kichwa. Nje nikasikia honi za bodaboda. Goli! La nani? Hatujui. Jamaa mmoja ana redio ya simu, akapiga kelele "Maxi!" halafu betri ikafa. Honi tena. Honi tena. Picha iliporudi ubao unasoma nne moja. Nikaona la Pacôme peke yake. Timu yangu inamfunga Simba tano na mimi nimeona mawili! Marudio nimetazama mara nyingi, lakini goli ulilolisikia kwa honi halirudi.

Kete Nyeusi
Pole. Sisi wengine siku hiyo tulitamani umeme usirudi.

Binti Muheme
Mhamiaji, muziki upo, hujaenda tu ulipo. Mama yangu anapiga muheme. Wanawake wanaibana ngoma katikati ya mapaja, na kabla ya kuanza wanazipasha motoni ngozi zikaze. Mama huigonga kwa kidole, anatega sikio, anairudisha kwenye moto, anagonga tena. Hapigi mpaka iseme anachotaka. Mwaka juzi kwenye sherehe kwetu Chamwino kuna kijana akaweka spika kubwa akawasha singeli juu ya ngoma za akina mama. Mama akasimama na ngoma yake, akaenda kukaa jikoni. Hakusema neno. Nililia kwa hasira siku ile.

Kete Nyeusi
Na singeli nayo ni muziki, dada. Vijana nao wacheze wapi?

Binti Muheme
Wacheze baada. Nani kakataa singeli? Nimesema juu ya ngoma za akina mama.

Mwananchi wa Chang'ombe
Nakazia. Zamu kwa zamu.

Kijana wa Mkeka
Mimi burudani yangu ni kubeti. Mkeka wa elfu moja, wikiendi nzima moyo unadunda.

Mama Zabibu
Mwanangu, hiyo siyo burudani. Mdogo wangu alianza na elfu moja hiyo hiyo, tukaja kuuza cherehani ya mama. Acha leo.

Kijana wa Mkeka
Shikamoo mama. Mimi nina kipimo changu lakini.

Mama Zabibu
Marahaba. Na yeye alikuwa na kipimo chake.

Mbuyu Mkavu
Binti Muheme, umenigusa mahali ambapo sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, kijijini upande wa Bahi. Babu yangu alikuwa na ilimba. Wasioijua: ni sanduku la mti lenye njiti za chuma, unazibonyeza kwa vidole gumba. Ya babu ilikuwa kubwa, njiti alizifua mwenyewe kwa misumari. Ubaoni kulikuwa na vitundu, ameviziba kwa utando mweupe wa buibui, ule unaokuta ukutani umefunika mayai yake. Ule utando ndio unaofanya sauti ivume kama nyuki. Ukipasuka, babu alizunguka tembe zima na taa akitafuta mwingine. Jioni mbuzi wakishaingia zizini, anakaa mlangoni anapiga, na majirani wanakuja bila kuitwa.

Mwaka huo likafika banda la video pale senta. Jenereta, na filamu za mapigano. Kila mtoto anasimulia, mimi sina hela ya kiingilio. Siku ya mnada akapita mgeni na gari anayenunua vigoda na vibuyu vya zamani. Babu yuko shamba. Nikaifunga ilimba kwenye kanga ya bibi, nikamuuzia kwa shilingi elfu mbili. Nikaona video wiki mbili, nikanunua soda, nikawanunulia na wenzangu.

Jioni ya siku ile babu aliinua ngozi ya kulalia, akatazama chini. Akatazama juu ya kichanja. Akarudi kutazama chini ya ngozi ileile. Halafu akaenda kukaa mlangoni kama kawaida, mikono juu ya magoti, nikaona vidole gumba vinabonyeza magoti. Hivyo kila jioni. Majirani walikuja siku mbili tatu, wakaacha. Alifariki masika ya mwaka uliofuata na mimi sijasema. Hadi leo sijasema. Filamu zile siikumbuki hata moja.

Mhamiaji wa Mtumba
Nimesoma nikiwa kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Kete Nyeusi
Hii chai. Ilimba ya elfu mbili?

Binti Muheme
Kete Nyeusi, koma. Kwa hela ya wakati ule elfu mbili kwa mtoto ni mali. Na wageni wamebeba vitu vyetu vingi kwa bei ya chini ya hapo. Marehemu Hukwe Zawose alitoka huku huku Ugogoni, na ilimba na zeze vikamfikisha Ulaya wakamlipia kumsikiliza. Sisi nyumbani tulikuwa tunauza kwa bei ya soda.

Mtoto wa Makole
Mbuyu Mkavu, mafundi bado wapo Chamwino. Nunua moja uipeleke nyumbani kwa babu.

Mama Zabibu
Asinunue chochote kwanza. Aseme. Nani mkubwa aliyebaki kwenu?

Mwananchi wa Chang'ombe
Achinje mbuzi, awaite wazee. Kosa kwa babu halimalizwi kwa simu. Na sisi tualikwe, nyama tunaijua.

Kijana wa Mkeka
Mimi naona anyamaze tu. Babu hayupo, atamuumiza nani tena?

Mama Zabibu
Wewe wa kipimo, nyamaza wewe.

Mbuyu Mkavu
Amebaki shangazi. Ngojeni.

Kete Nyeusi
Tukisubiri, kuna mtu wa drafti maeneo ya Majengo jioni hii? Kete za visoda, ubao ninao. Halafu kaka Mbuyu nisamehe kwa lile neno. Nami baba yangu alikuwa na zeze, sijui hata liko wapi.

Mbuyu Mkavu
Nimempigia shangazi. Alinyamaza hadi nikadhani salio limekata. Kisha akasema, "Kumbe ni wewe."

Wakuu, miaka yote hii walidhani ni baba mdogo. Alikuwa mnywaji, wakasema ameiuza akanywea pombe. Kaka zake walimpiga. Ndiyo maana alihamia Manyoni, na ndiyo maana hakuonekana kwenye msiba wa babu. Mimi nilikuwa naambiwa tu kwamba ameenda kutafuta maisha. Yuko hai. Hajawahi kurudi.

Binti Muheme
Mungu wangu.

Kijana wa Mkeka
Nafuta nilichosema.

Mama Zabibu
Nenda mwenyewe, mwanangu. Usimtume mtu, usipige simu. Fika, ukae chini, useme.

Mtoto wa Makole
Mabasi ya Singida yote yanapita Manyoni. Wahi asubuhi stendi kuu. Ilimba tutakutafutia sisi wa huku, hilo tuachie. Unajua utaanzaje kuongea naye?

Mbuyu Mkavu
Sijui. Shangazi anasema siku hizi ameacha pombe, anashinda chini ya mwembe anacheza drafti na wazee wenzake.

Kete Nyeusi
Pitia Majengo uchukue ubao wangu.