Leso niliyompa mavyaa imenitia mashakani, nisaidieni

Binti Langoni: Asalam aleikum. Niko Amu (Lamu), nimetoka arobaini ya uzazi juzi. Siku zote zile mavyaa, mamake mume wangu, ndiye aliyenikanda, akaniogesha, akanipikia uji. Nikataka kumshukuru. Nikapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, nikaona leso (kanga) nyekundu yenye pambo la korosho, nikaipenda rangi, nikalipa. Jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, sikulisoma. Mavyaa alipoikunjua nilimwona akiyafuata maneno kwa kidole: "Fadhila ya punda ni mateke." Akaikunja, jina likawa ndani, akaiweka chini ya mto. Tangu siku hiyo hunijibu "ewaa" tu. Wifi yangu asema nimemsimanga mamake. Wallahi sikukusudia. Nifanyeje?

Mama Mkomani: Pole mwanangu. Methali hiyo ikisemwa darasani ni mafunzo tu. Sisi tunaoishi na punda vichochoroni hatuhitaji kuelezwa: umlishaye na kumtua mzigo ndiye akupigaye teke. Lakini ukimpa mtu leso yenye jina hilo, yageuka kauli yako kwake: nimekutendea wema, umenilipa ubaya. Na aliyetenda wema ni yeye! Hapo ndipo palipomchoma. Marehemu nyanya yangu alizoea leso za zamani, majina kwa herufi za Kiarabu. Zilipokuja za herufi za Kizungu hakuweza kuzisoma, na hakulipa hata senti mpaka asomewe.

Kijana wa Malindi: Dada, mpelekee nyingine, "Nani kama mama". Itamjibu ile ya kwanza.

Bi Shela: Siafiki. Kujibizana kwa leso ni mwendo wa wake wenza, kila mmoja ajitanda jibu lake apite mlangoni kwa mwenziwe. Ukimpelekea ya pili kimya kimya, nayo ataitafutia fumbo. Kaa naye chini, umwambie kwa mdomo: mama, sikusoma. Nenda na mtoto. Ukishasema ndipo umpe leso, na jina ulisome wewe, mbele yake.

Binti Langoni: Na ile ya kwanza niirudishe dukani?

Mama Mkomani: La, ni yake sasa. Usiiguse wala usiitaje tena. Akitaka kuikata mbeleko ya mjukuu, ni hiari yake.

Binti Langoni: Shukran sana mama zangu. "Nani kama mama" nimeipata, ya kijani. Nimeisoma mara tatu, kisha nikamwomba muuzaji anisomee. Nakwenda leo baada ya alasiri.